Muulize Daktari wa Mifugo: Nani anamlipa mbwa wako abweke?

Toleo lililopita niliandika habari za kupe, nikajiandaa kupokea barua za kupe. Sikupata hata moja. Mlichoniletea ni kelele: mbwa wa kwangu, mbwa wa jirani, mbwa wa mtaa mzima. Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana wengi mtajikuta humo humo.

Swali: Shikamoo Daktari. Tunaishi Goba, Dar es Salaam, na tuna mbwa dume wa miaka miwili, Bosco. Tulimchukua akiwa mdogo alinde nyumba, kwa sababu tulishaibiwa mara mbili. Mchana tunamfunga mnyororo karibu na geti, usiku tunamfungua. Shida ni kelele. Mchana anabwekea kila kinachopita, kuanzia bodaboda mpaka mzee wa baiskeli ya samaki. Usiku anatulia kidogo, halafu kwenye saa nane anaanza tena na hanyamazi mpaka mmoja wetu atoke nje. Nimemfokea, mume wangu amemmwagia maji, kijana wa kazi amemchapa. Jirani yetu ni mwalimu mstaafu, ana presha, na juzi alikuja na mjumbe. Mume wangu anasema Bosco aende shambani Mkuranga. Watoto wanalia. Tufanyeje? (Mama wa wawili, Goba)

Jibu: Marahaba, mama. Kabla Bosco hajapakiwa kwenye gari la Mkuranga, naomba nikae kidogo hapo getini kwako, hata kama ni kwa mawazo tu.

Ni saa nne asubuhi. Bosco amelala kivulini, kidevu juu ya miguu ya mbele. Kwa mbali bodaboda inapanda kilima. Sikio moja linasimama. Kichwa kinainuka. Sasa yuko wima, mkia juu, na mnyororo umenyooka kama uzi wa kupimia ukuta. Bodaboda inafika usawa wa geti, Bosco anaachia yote aliyonayo. Bodaboda inapita, inaenda zake. Anamalizia mbili tatu za mwisho, anajikung'uta, anarudi kivulini kulala.

Wewe unajua yule kijana alikuwa anapita tu, na angepita hata kama Bosco angekuwa amelala fofofo. Bosco hana habari hiyo. Kwa hesabu zake, adui alikuja, akabwekewa, akakimbia. Anashinda vita mara thelathini kwa siku, na kila ushindi ni mshahara unaolipwa papo hapo, bila makato. Wewe ungeacha kazi ya namna hiyo?

Halafu unatokea mlangoni, "Bosco! Nyamaza wewe!" Anachosikia ni kwamba mama naye amekuja kusaidia kubweka. Maji na fimbo vinamkatisha kwa dakika mbili, lakini vinamwachia somo baya: bodaboda ikisikika, na maumivu yako njiani. Kesho ataanza mapema zaidi, bodaboda ikiwa bado kule chini. Tena nimewahi kutibu watoto wa mbwa waliokua kwa fimbo ya namna hiyo mpaka wakaacha kabisa kubweka na kunguruma. Wakawa wanauma bila taarifa. Afadhali mbwa anayekupigia hodi kabla ya kuuma.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni daftari. Sitanii. Kwa wiki moja andika saa aliyoanza, upande aliokuwa anatazama, kilichokuwa kinapita, na kilichomfanya anyamaze. Usiandike kamwe "hakuna kitu". Sikio la mbwa hufika kwenye mitetemo 45,000 hivi kwa sekunde, letu hukomea 20,000 tukiwa bado vijana. Panya wakizozana darini kwako yeye anahudhuria mkutano wote.

Nikupe kisa changu. Nilipokuwa nakaa Kibaha nilikuwa na jike anaitwa Sijali. Kila usiku saa tatu, na tena saa kumi alfajiri, anawaka. Majirani wakasema ni wezi wanachungulia. Nilitoka na tochi usiku mara mbili, nikamulika ukuta wote, hakuna mtu. Mara ya tatu nikaacha kumulika ukuta, nikamwangalia Sijali mwenyewe. Alikuwa anatazama juu. Nikainua tochi: kwenye tawi la mkorosho, macho mawili mekundu kama makaa. Komba! Alikuwa anaenda kutafuta chakula jioni na kurudi alfajiri, kwa njia ile ile ya matawi, na tawi moja lilikuwa linapita juu kabisa ya banda la mbwa. Nililikata lile tawi, banda nikalihamishia upande wa jikoni. Kelele zilipungua zaidi ya nusu, na Sijali mwenyewe sikuwa nimemfundisha kitu chochote.

Tuje kwako. Barua yako yenyewe imeshanipa kurasa mbili za daftari. Ya kwanza ni geti. Kama ni la nondo, lizibe kwa bati kuanzia chini hadi juu kidogo ya macho ya Bosco akiwa amesimama. Asichokiona hakimpi kazi sana. Na muondoe hapo getini mchana, akae nyuma ya nyumba, kwenye uzio wake kama mnaweza. Mnyororo ni sehemu ya ugonjwa. Mbwa huru akisikia kitu anaweza kwenda kunusa, anaweza kujificha, anaweza kupuuza. Aliyefungwa amebakiwa na mdomo tu. Kama uzio hauwezekani mwezi huu, nyoosheni waya imara kati ya nguzo mbili na kamba yake iteleze juu ya waya, afike kwenye kivuli na maji.

Ukurasa wa pili ni ile saa nane ya usiku. Uliandika "hanyamazi mpaka mmoja wetu atoke nje". Mama, huo nao ni mshahara, na mnaulipa wenyewe! Mbwa ni mnyama wa ukoo. Bosco anaamka, giza, kimya, yuko peke yake, anabweka, na tazama, mtu wake anakuja. Hata kama unakuja na ndala mkononi, umekuja. Mleteni alale karibu na mlango wa nyuma, asikie pumzi za nyumba. Akibweka, mlioibiwa mara mbili siwaambii msitoke. Mmoja atoke mara moja, bila neno, amulike, arudi ndani. Baada ya hapo msitoke tena kwa kelele ile ile. Siku tatu nne za mwanzo zitakuwa mbaya kuliko zamani, kwa sababu atadhani mshahara umechelewa tu na atadai kwa nguvu. Mkilegea siku ya nne, mmemfundisha kwamba bei mpya ni siku nne.

Ndiyo maana kabla ya kuanza nendeni kwa mwalimu, wewe na mume wako, mchana. Mwambieni wazi kwamba wiki hii itakuwa ngumu na kwa nini. Halafu mpeni daftari la pili. Mzee yuko macho saa hizo, aandike saa anazosikia. Mwalimu mstaafu akipewa daftari la kusahihisha atalisimamia kuliko nyinyi wenyewe.

Sasa mafunzo. Kaanga dagaa kidogo bila chumvi, weka mfukoni. Bosco akibweka, nenda kwake kimya kimya, sema kwa sauti ya kawaida "asante, basi", na msogezee dagaa puani. Hawezi kunusa kwa dhati na kubweka kwa wakati mmoja. Akifunga mdomo hesabu moja, mbili, tatu, ndipo umpe. Kesho hesabu mpaka tano, wiki ijayo mpaka kumi. Akishaelewa, tafuta kijana wa bodaboda mnayefahamiana naye, mlipe elfu mbili apite mara kadhaa, kwanza mbali kabisa, halafu karibu kidogo kidogo. Ufundi wote uko kwenye sekunde: dagaa aje pale sikio linaposimama, kabla Bosco hajapasuka. Baada ya wiki kadhaa mlio wa bodaboda utamfanya akugeukie wewe. Lakini mkubaliane nyumba nzima. Kijana wa kazi akiendelea na fimbo huku wewe unatoa dagaa, Bosco atachanganyikiwa na mimi nitaandikiwa tena.

Na mtoeni nje. Kuna mbwa walinzi hapa mjini ambao tangu waletwe wakiwa kwenye boksi hawajavuka geti. Dakika 30 kabla ya magharibi, kwa kamba, na aachwe anuse kila nguzo anayotaka, maana kunusa nako kunamchosha. Chakula msimmwagie chote kwenye sufuria. Shindilia ugali na dagaa ndani ya kifuu cha nazi, umwachie ahangaike nacho. Kifuu kimoja kinanunua nusu saa ya ukimya, na ni bure kwa mama yeyote anayekuna nazi.

Kumhasi? Kutasaidia kama anahangaika majike ya mtaani yakiwa kwenye joto. Kwa kelele za getini usitegemee makubwa. Na kuna kitu hukukiuliza ila najua mtu atakushauri: kumfunga mdomo kwa kamba. Usikubali. Mbwa hana jasho la kumpoza mwilini kama sisi, anajipoza kwa kutweta, ulimi nje. Ukimfunga mdomo kwenye joto la Dar la mwezi wa pili unaweza kurudi kutoka dukani ukakuta amekufa. Isitoshe, nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na mateso ya namna hiyo ndiyo inayoyakataza.

Msiogope kwamba atakuwa bubu na wezi watarudi. Leo Bosco akibweka nani anaamka? Hakuna. Mmeshamzoea. Mbwa anayebweka mara mbili kwa wiki, usiku huo mtaruka wote kitandani.

Swali: Daktari, salamu kutoka Nairobi. Naishi fleti Kilimani, ghorofa ya nne, na kambwa kangu kadogo ka kike, Biskuti. Kwa muda mrefu nilikuwa nafanyia kazi nyumbani. Sasa tumerudishwa ofisini, na soja wa geti anasema nikitoka tu anaanza kubweka na kulia hadi saa sita. Nikirudi nakuta mlango umekwaruzwa na amekojoa kwenye mkeka, ilhali amefundishwa vizuri. Anajua amekosa, maana nikiingia anajikunyata. Mwenye nyumba ametoa onyo la mwisho. (Kijana wa Kilimani)

Jibu: Biskuti hana kiburi, kijana wangu. Ana hofu. Na kule kujikunyata si kukiri kosa: amesoma uso wako na mabega yako ukiingia. Ukimgombeza kwa mkojo wa saa mbili asubuhi, anajifunza tu kwamba kurudi kwako nako kunatisha.

Acha simu ya zamani ikirekodi siku moja uone anaanza lini. Nina hakika utamkuta ameanza kuhangaika kabla hujafunga mlango, tangu uliposhika funguo. Basi zichoshe funguo hizo. Zishike, kaa chini unywe chai. Vaa viatu, washa televisheni. Fungua mlango, ufunge, usitoke. Akishaacha kujali, toka kwa sekunde tano urudi, kisha kumi, kisha dakika. Rudi kabla hajalia, siyo baada. Mwanzoni inachosha sana na utahisi mjinga mbele ya majirani. Wiki hizo usimwache peke yake kwa saa nyingi mfululizo kama unaweza kulikwepa hilo. Tafuta mtu wa kushinda naye, au mpeleke kwa rafiki, au omba siku mbili za kufanyia kazi nyumbani. Kuaga kwa mabusu na hotuba kuache.

Usikimbilie kununua mbwa wa pili amliwaze. Anakukosa wewe, na unaweza kuishia na wawili wanaolia. Kama baada ya mwezi hakuna nafuu, muone daktari wa wanyama. Zipo dawa za kweli za hofu hii, na hutolewa pamoja na mazoezi. Vidonge vya usingizi vya binadamu usimpe hata nusu.

Swali: Assalaam alaykum Daktari. Mimi na mume wangu tunaishi Tanga karibu na msikiti. Mbwa wetu kila adhana ya alfajiri anainua kichwa na kulia uuuu mpaka iishe. Baadhi ya majirani wanasema anaona majini, wengine wanasema anamkejeli muadhini, na bibi mmoja kasema ni mkosi, mtu atakufa. Naona aibu. (Bi. M.)

Jibu: Waalaykumu salaam. Hamkejeli mtu. Mbwa mwitu wa huko kaskazini ya dunia, waliomzaa mbwa huyu, huitana kwa sauti ndefu isiyokatika, na damu hiyo haijaisha. Sauti yoyote inayovutwa kwa muda mrefu inamgusa pale pale: adhana, king'ora cha gari la wagonjwa, hata kinanda cha kwaya. Mmoja wa wagonjwa wangu alikuwa anamwitikia mtoto wa nyumba akipiga filimbi ya shule. Kwake ni mwito, na anaitika.

Kuhusu mkosi, bibi yangu naye aliamini hivyo. Mimi nimekesha na mbwa wengi waliolia usiku kucha, na asubuhi kila mtu aliamka akadai chai.

Muingize sehemu iliyofungwa robo saa kabla ya alfajiri, madirisha ya upande wa msikiti yakiwa yamefungwa, umpe kile kifuu nilichomtajia mama wa Goba. Usimchape na usimcheke, maana kicheko nacho ni malipo. Na kwa hisani ya jirani, saa za swala mbwa asizurure njiani. Wengi wa pwani wanafuata madhehebu ya Shafi, na ulimi wa mbwa ukigusa nguo ya mtu anayekwenda kuswali, inabidi ioshwe mara saba, moja kwa udongo. Nusu ya hasira za mtaa naamini zimetokea hapo, siyo kwenye ule mlio.

Swali: Mbwa si wangu, ni wa jirani, na mimi ndiye nisiyelala. Nifanye nini? (Mfanyakazi wa zamu, Dodoma)

Jibu: Nenda kwake mchana, ukiwa umelala vya kutosha. Mwambie saa: "Anaanza mkishaondoka saa moja, anaendelea mpaka saa tano." Wenye mbwa wengi hawajui, kwa sababu mbwa hubweka wao wakiwa hawapo. Mpe nakala ya ukurasa huu. Akikupuuza mara mbili, ndipo uende kwa mjumbe, na kutoka hapo kwa mwenyekiti wa mtaa. Nyama ya sumu isipite hata kwenye mawazo yako. Nimeitwa kwenye kesi hizo. Mbwa anakufa akitetemeka kwa saa nzima mbele ya watoto, na kipande kilichobaki kinaokotwa na paka wa mtu mwingine.

Swali: Shikamoo. Mbwa wetu ana miaka 12, alikuwa mpole maisha yake yote. Sasa usiku anasimama anabwekea ukuta. (Baba J., Moshi)

Jibu: Marahaba. Kwa umri huo ninafikiria uzee wa ubongo, macho yenye ukungu, masikio yaliyoziba, meno au viungo vinavyouma. Mwachie taa ndogo usiku, msihamishe banda wala bakuli, na apimwe.

Ila nisome vizuri hapa. Kama mabadiliko yamekuja kwa ghafla, ndani ya siku chache, sauti imekuwa ya kukwaruza, mate yanachuruzika, hawezi kumeza, anauma hata mbao, msimguse na msimtazame mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Fungeni mlango alipo, mwiteni ofisa mifugo. Hiyo inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishamtokea mtu, hakuna dawa ya kumrudisha. Na chanjo ya mbwa ni kila mwaka, hata kwa mzee asiyetoka nje.

Swali: Daktari, mimi nina miaka 11. Mbwa wangu Chui ana miezi mitatu na habweki kabisa. Kaka yangu anasema nimlishe pilipili awe mkali. Ni mgonjwa? (Mwanafunzi, Iringa)

Jibu: Hujambo, mwanangu. Kule Kongo kuna aina ya mbwa ambao hawabweki kama wengine. Wanatoa sauti kama mtu anayejaribu kuimba na kucheka kwa pamoja. Wanaitwa basenji, neno ambalo ni ndugu na "washenzi" wa Kiswahili chetu, yaani mbwa wa watu wa porini. Chui wako wa Iringa sidhani kama ni wa ukoo huo. Kama anakula, anacheza, analia ukimkanyaga mkia kwa bahati mbaya, basi ni mtoto tu. Wengine huchelewa.

Pilipili mwambie kaka yako aitie kwenye kachumbari yake. Haimfanyi mbwa kuwa mkali, inamchoma tumbo. Wewe mzoeshe Chui sasa hivi, akiwa mdogo: asikie bodaboda, aone mwavuli, aone mzee mwenye mkongojo, na kila mara apate kitu kitamu kidogo. Apate pia dawa ya minyoo, na chanjo ya kichaa, maana umri umefika. Siku atakayobweka mara ya kwanza atashtuka mwenyewe na kugeuka kutafuta nani kapiga kelele. Uwepo uone.